Mzee Katiba: Alikaimu Mara Mbili, Akarukwa Mara Tatu

Ndugu, majirani, na nyinyi wa mashati ya chama mliokaa hema la mbele, huu ndio wasifu wa mzee wetu. Umeandikwa na dada yake mdogo, ambaye ndiye anayeusoma. Makao makuu ya chama yalipiga simu juzi yakiomba uwe mfupi na usiwe na uchungu. Utakuwa na urefu unaomstahili marehemu. Kuhusu uchungu, hakuna mtu wa familia aliyeahidi chochote.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1948 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili wa fundi wa mabehewa na mke wake mshona nguo. Hakupenda kuonewa wala kuona mtu akionewa. Siku moja, akiwa refa wa mechi ya watoto kwenye kiwanja cha karakana, alimtoa nje kaka yake mkubwa kwa kuunawa mpira. Kaka akamvizia njiani, akamtwanga. Jioni baba alipouliza kulikoni, mtoto akajibu huku jicho limefumba kwa uvimbe, "Lakini aliunawa, baba." Kaka huyo yupo hapa leo na fimbo yake, na mpaka kesho hakubali kwamba aliunawa.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1956 hadi 1962, kisha sekondari ya wavulana mjini, ambako alikuwa mwenyekiti wa mdahalo. Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1969, akafundisha historia na uraia kwa miaka kumi na moja. Wanafunzi wake walimwogopa kwa jambo moja tu: ukimwambia "kila mtu anajua hivyo," alikuuliza umewahoji wangapi.

Tarehe 10 Agosti 1974 alimuoa muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye leo ni mjane wake. Kikao cha posa bado kinachekwa ukoo mzima. Wazee wa pande zote mbili wamekaa, soda zimefunguliwa, bwana harusi mtarajiwa akasimama na kuuliza kama akidi imetimia. Wajomba wakatazamana. Baba mkwe akamjibu, "Akidi ni binti mwenyewe, mwanangu. Yuko nyuma ya pazia hapo, na anakusikia." Walijaliwa watoto wanne.

Sasa kazi. Alijiunga na chama akiwa mwalimu kijana, akapanda kutoka tawi hadi wilaya, na mwaka 1979 akateuliwa kwenye kamati iliyoandika upya katiba ya chama. Tawini kwake aliwahi kuona katibu aliyekabidhiwa ofisi kwa muda, baada ya mwenyekiti kufariki, akitumia gari, muhuri na hata walinzi wa ofisi kujifanyia kampeni, akashinda asubuhi na mapema. Basi mzee wetu akapendekeza ibara isemayo kwamba anayekaimu uenyekiti hatagombea uenyekiti katika uchaguzi unaofuata. Ikapitishwa bila kupingwa. Watu wakaifupisha wakasema "kaimu hagombei," na yeye wakampachika jina la Katiba. Alilipenda.

Mwaka 1994, mzee wetu akiwa tayari makamu wa taifa, mwenyekiti wa taifa alistaafu kwa maradhi. Wakubwa wakamwita chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, chenye mapazia mazito ya kijani, wakamwambia chama kinamhitaji akaimu. Rafiki zake wakamvuta pembeni.

"Kataa, bwana. Ukikubali umejifunga mwenyewe."

"Nikikataa atakaa nani? Si yule yule tunayemjua?"

Alikaimu, akaandaa uchaguzi uliokwenda bila hata kiti kuvunjika, akamkabidhi mshindi funguo, akarudi kwenye umakamu. Alipouliza kuhusu zamu yake, aliambiwa bado kijana. Alikuwa na miaka arobaini na sita na mvi mbili.

Mwaka 2007 mwenyekiti wa pili naye akang'atuka. Wakamwita chumba kile kile. Safari hii hawakumwita kijana, walimwita mvumilivu, nguzo, hazina ya chama, na vilemba vingine vya ukoka. Wajumbe wa mikoa walimiminika nyumbani wakimsihi akatae kukaimu ili agombee. Wengine walimwambia akaimu, halafu aifute tu ibara yake, kwani nani angemzuia? Aliwatoa hao nje kwa upole, na viatu vyao akawashikia. Mkewe alimwambia usiku huo huo, "Mume wangu, nyumba umejenga wewe. Mbona kila sherehe unaachiwa kufagia?" Alikaimu, akafagia, akakabidhi funguo kwa mara ya pili.

Mwaka 2018 mwenyekiti wa tatu akafariki madarakani. Wakubwa, kwa haraka ya kuifunga ofisi ndani ya ukoo, wakampa ukaimu mpwa wa mwenyekiti huyo, kijana wa suti za kubana ambaye kadi yake ya chama ilikuwa bado inanukia wino. Mzee wetu alirudi nyumbani akicheka peke yake. Mkewe akadhani amepatwa na homa. "Wamejifunga wenyewe!" akamwambia. "Kaimu hagombei! Safari hii niko huru." Alikuwa na miaka sabini. Alijinyooshea suti mwenyewe, na kwa wiki nzima alifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha kabati. Dada yake alisomewa yote kwa simu, mara mbili, akaambiwa aseme palipomchosha. Hapakuwepo.

Siku ya mkutano mkuu, wajumbe wakiwa wameshakaa, kijana wa itifaki alimfuata akamwambia wageni kutoka vyama rafiki wamefika getini. Kuwapokea wageni ni kazi ya makamu, na mzee wetu hakuwahi kumwachia mtu kazi yake. Akatoka. Akasimama kwenye ngazi, jua la utosi, vifungo vyote vimefungwa, akiwasubiri watu ambao hawakuwepo. Ndani, mtu akainuka akatoa hoja kwamba ibara ile imepitwa na wakati. Ikafutwa kwa makofi. Kwa makofi yale yale kaimu akathibitishwa kuwa mwenyekiti, bila mgombea mwingine kutajwa. Mzee wetu aliyasikia makofi kutoka nje, akadhani wanampongeza mweka hazina.

Aliporudi ukumbini alimkuta mpwa amebebwa juu juu mabegani. Akaenda kwenye kipaza sauti. "Hoja ya utaratibu," akasema, na kipaza sauti kikazimwa. Akasema tena kwa sauti yake ya darasani, sauti iliyowahi kusikika mpaka kwenye mabweni. Ukumbi ulijaa watu aliowafundisha, aliowaombea kazi, aliowasimamia harusi zao. Wote wakatazama viatu vyao. Familia haihitaji kuuliza ni nani hao. Wengine mnatazama viatu sasa hivi.

Shukrani ya punda ni mateke, na yalifuata kwa mpangilio. Aliondolewa umakamu, kwa maelezo kwamba umri umemtupa mkono na awaachie vijana. Tusaidieni kuelewa: arobaini na sita alikuwa kijana, sabini akawa mzee, je, zamu yake ilipita mwezi gani? Alipokwenda kuchukua vitabu vyake ofisini, mlinzi aliambiwa asimfungulie. Mlinzi yule alilia. Ndiye mtu pekee wa chama aliyelia, na Mungu amweke.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Mkewe alimuuguza kwa mikono ile ile iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Chama kilifika mara moja tu, Oktoba mwaka jana, wiki ya kampeni. Katibu mwenezi, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, aliingia wodini na mpiga picha na shati jipya la chama.

"Shikamoo, mwalimu. Tukuvishe tu, picha moja. Wananchi wanakukumbuka."

"Marahaba. Mliifuta ibara ile kwa kikao gani?"

"Ah, mwalimu, hayo si yalishapita."

"Kwenu yamepita. Kwangu bado yako mezani."

Kijana akakunjua shati hata hivyo. Hapo mkewe akasimama katikati ya kitanda na kamera. "Mwanangu, mgonjwa havishwi tangazo. Toka, na huyo wa kamera mtangulize." Wakatoka.

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na mitano.

Leo alfajiri gari la makao makuu lilileta bendera ya kufunika jeneza, pamoja na taarifa kwamba Mwenyekiti atasema neno la mwisho, na kwamba atamwita marehemu baba yake wa kisiasa. Familia ilikaa kikao jikoni. Mjane alisema, "Walimnyima kiti akiwa hai. Hawatakalia kaburi lake." Hakuna aliyepinga. Kwa hiyo bendera imerudishwa ndani ya gari lililoileta, ikiwa imekunjwa vizuri. Neno la mwisho ni hili linalosomwa, na Mwenyekiti anaombwa akae, atulie, kama wengine walivyotulia siku ile.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, kaka mmoja, dada mmoja, na wanafunzi wengi ambao tungependa kuwahesabu lakini wengi wao wamenyamaza. Chama hakimo katika orodha hii. Hakuna namna ya kuandika kwamba amekiacha, maana chenyewe ndicho kilichomwacha, akiwa kwenye ngazi, juani, na suti yake.

Kaka yetu, mwalimu wetu, apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki hatujapumzika.