Nambari Zilizofutika kwa Dawa ya Kucha

Asifiwe Bwana, kanisa! Asifiwe tena, maana sikudhani ningesimama hapa na kusema haya!

Ndugu zangu, siku ninayoishuhudia tulikuwa watu watano kando ya kisima, ndani huko Bisil. Alikuwepo Mzee Parsaloi, mwenye kisima. Alikuwepo mke wake, ambaye wote tunamwita Yeyo, mama. Alikuwepo mzee wetu wa kanisa, Mzee Wekesa, aliyetubeba kwa pikapu yake. Alikuwepo mdogo wangu Rehema. Na mimi Damaris, fundi. Wote wako hai, waulizeni.

Wengi mnajua nilikotoka. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilivua sketi ya shule nikaketi kwenye meza ya baba, pale kibandani Kitengela, nikaanza kutengeneza redio kama nilivyomwona akifanya. Wadogo zangu watatu wamelelewa na meza hiyo. Na kila kifaa nilichomaliza nilikiwekea mikono, nikakiombea, ndipo nikamrudishia mwenyewe.

Lakini, ndugu zangu, mtu anaweza kuombea uongo bila kujua!

Alikuja muuzaji wa spea na chipu za nusu bei, vile vidude vyeusi vyenye miguu vya ndani ya mitambo. Zinang'aa, zina nambari, zimepangwa kwenye ukanda wa plastiki kama zimetoka kiwandani juzi. Nikamshukuru Mungu, nikachukua ukanda mzima. Wakati huohuo Mzee Parsaloi akaleta kisanduku kinachopeleka umeme wa sola kwenye pampu yake. Nikaweka chipu mpya, nikajaribu, ikafanya kazi. Baada ya wiki mbili akarudi. Imeungua. Sikutaka kuonekana fundi mbaya, nikamwambia, "Mzee, kuna mtu amemwagia hii kitu maji."

Sikuwa nimeona maji yoyote. Nilisema tu.

Nikaweka nyingine kutoka ukanda uleule. Nayo ikaungua, na sasa mvua ilikuwa imekataa. Ng'ombe wa mzee walikuwa wakitembezwa nusu siku kufuata maji ya watu wengine.

Kisha mchana mmoja Rehema aliketi kwenye meza yangu akitoa rangi ya kucha. Nikamkaripia, "Toa hiyo harufu yako kwa meza ya kazi!" Akanijibu, "Meza ni ya baba, si yako pekee!" Alipoinuka kwa hasira akagonga kichupa, dawa ikamwagikia chipu zangu. Nikashika pamba nikapangusa haraka. Ndugu zangu, pamba ikawa nyeusi! Nambari ilitoka yote. Chini yake kulikuwa na nambari nyingine, imekwaruzwa, ya chipu dhaifu isiyoweza kuvuta pampu kwa muda mrefu. Nikapangusa ya pili. Nikapangusa ya tatu. Zote zilikuwa kuukuu, zimeng'olewa kwenye mitambo iliyotupwa, zikapakwa rangi na kuandikwa upya.

Rehema akaniuliza, "Sasa yule mzee wa Bisil utamwambia nini?"

Nikasema sitamwambia kitu. Nilikuwa na chipu moja halali, kwenye mtambo wa kiwandani alioacha baba. Nitaiweka kimyakimya, yaishe. Nikikiri, nani ataniletea kazi tena? Wadogo zangu watakula nini? Lakini nilipoweka mikono juu ya redio ya mteja mwingine niiombee, maneno hayakutoka. Siku tatu nzima! Mikono iko juu ya redio, kinywa kimefungwa. Siku ya nne nikamwendea Mzee Wekesa nikamweleza yote. Hakunihubiria. Alisema tu, "Niweke mafuta, twende."

Tulipofika, Yeyo alisimama mbali na kisima. Nikamuuliza mbona hasogei. Mzee Parsaloi akamjibia: "Nilimkataza. Si wewe ulisema kuna mtu alimwaga maji? Ni yeye hupangusa hapo vumbi na kitambaa."

Neno langu moja lilikuwa limemfukuza mama kwenye maji yake mwenyewe! Hata hapo ningeweza kunyamaza. Ni Bwana aliyenifungua! Nikapiga magoti kwenye vumbi nikasema hakuna aliyemwaga maji, chipu ilikuwa bandia. Nilipoiweka sikujua, lakini hayo maji niliyatunga mimi.

Mzee Parsaloi akaichukua ile chipu bandia niliyoing'oa, akaigeuza miguu juu. "Kitu kama kupe," akasema. "Kwa sababu ya kupe nimenyamaziana na mke wangu mwezi mzima?"

Yeyo ndiye aliyecheka kwanza. "Wewe mzee! Kupe hukuona, lakini kitambaa changu uliona!" Kisha akaja akaniwekea mkono kichwani. "Inuka, msichana. Ng'ombe hazinywi machozi."

Nikachomelea ile chipu halali, Rehema akinishikia waya. Maji yakaja, ya tope kwanza, halafu safi! Mzee hakusema amenisamehe siku hiyo. Aliuliza tu, "Na kwa watu wengine umeweka ngapi?"

Kumi na tisa, ndugu zangu. Nimeshawafikia kumi na mmoja. Mteja wa Kisaju mwenye mashine ya kuangua vifaranga alinipa chai. Wa Nkoroi alinitukana mbele ya majirani, nami nikatengeneza huku akitukana. Lakini naomba tena! Kinywa changu kimefunguka, usifiwe Baba wa yatima! Na wewe unayeficha jambo kwa sababu ya ugali wa watoto, mwamini Yesu, liseme. Wadogo zangu hawajalala njaa hata siku moja.

Wamebaki wanane. Na mmoja wao, kanisa, ni ninyi. Amplifaya inayobeba sauti yangu sasa hivi niliitengeneza mimi, mkanipigia makofi. Baada ya baraka nitaibeba. Chipu halali sijaipata bado, kwa hivyo Jumapili ijayo tutaimba kwa koo zetu. Nivumilieni. Nina deni lenu, na la wengine saba.