Pete ya Kaluki Yafika Benchini

Benchi la Salim liko Kwa Vonza, kwenye kona ya stoo za ndengu, na tangu lipigiliwe misumari halijawahi kukosa mtu. Ni ubao mmoja mrefu, jiko la makaa mbele yake, na juu ya jiko birika la kahawa ya tangawizi. Hapo ndipo mambo ya soko zima huamuliwa: nani auze mbuzi gani, mtoto wa nani aitwe nani, mvua inyeshe lini. Hakuna aliyewachagua watu wa benchi lile na hakuna anayewalipa, lakini kwa kazi hiyo hawajui likizo. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, walikuwa wameshaketi wanne. Profesa, ambaye jina lake ni Muthama, alilinda geti la chuo miaka kumi na saba, na kila neno kubwa lililopita pale getini lilimbakia yeye. Kilo ni Mwau muuza nyama, aliyeitwa hivyo kwa sababu kilo yake haijawahi kutimia. Rubi ni Kiragu mwenye duka la mabati, mtu wa Murang'a, aliyewahi kuchimba vito kule Makueni mwezi mzima akarudi na malaria. Wa nne ni Salim mwenyewe, na babu yake alitoka Mombasa na birika hilo hilo. Basi akatokea Mbaluka mnunuzi wa ndengu, mkono umeshika mfuko wa shati kama mwenye kichomi.

— Wazee, nina kitu, alisema Mbaluka. Lakini isitoke hapa.

Isitoke hapa! Neno likitajwa kwenye benchi lile saa nne, saa tano linajulikana hadi Nuu.

Alitoa kijisanduku cheusi, akakifungua. Ndani mlikuwa na pete nyembamba ya dhahabu, na juu yake almasi iliyolingana na nusu ya punje ya ndengu.

— Asi! Kilo aliruka. Kwani umeoa?

— Bado. Ni ya Kaluki. Nataka kumpatia leo kabla aende Tseikuru. Gari yake inatoka saa sita.

Hilo la Tseikuru walilijua wote. Kaluki, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa amehamishiwa shule ya huko, na asubuhi hiyo Jamal dereva alikuwa nyumbani kwake akipakia godoro juu ya gari lake la Probox. Wasiyoyajua ni maneno ambayo Kaluki alimwambia Mbaluka Jumapili, nyuma ya kanisa. Barua ya uhamisho ilipokuja, Kaluki alimuuliza Mbaluka peke yake: niende au nikatae? Naye Mbaluka, badala ya kujibu kama mwanaume mwenye mdomo, alilipeleka swali benchini. Likapigiwa kura. Wanne walisema akatae, mmoja aende, na matokeo Kaluki aliyapata kwa mama muuza sukuma wiki. "Mbaluka," alimwambia, "nakupenda, Mungu anajua. Lakini mimi sitaolewa na benchi."

Yalimchoma maneno hayo. Jumatatu aliuza ng'ombe wake ndume, akaenda Nairobi peke yake, akaingia duka la vito, na akachagua pete bila kumuuliza binadamu yeyote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alirudi nyumbani kifua mbele, angekutana na simba angemsalimia.

Na sasa huyu hapa, benchini, na kijisanduku mkononi. Mazoea yana taabu.

— Shida ni moja, alisema. Kule dukani ilikuwa inawaka. Nilifunga macho, wazee! Kufika nyumbani, imelala. Mimi nauliza tu: hii inang'aa ama haing'ai?

Rubi aliichukua, akaisogeza jichoni.

— Hii imelala kabisa, alisema. Uliipaka nini?

Mbaluka alikohoa.

— Mafuta kidogo ya kupikia.

Msimcheke bado. Mbaluka ana ufundi wake, na ufundi huo ndio unaomlisha. Ndengu ikikaa stoo miezi mitatu hupauka, na mnunuzi wa mjini akiiona anakunja pua. Basi unatia matone ya mafuta kwenye gunia, unazungusha na mikono, na ndengu inarudi ujana. Mbaluka amefanya hivyo miaka tisa. Kwa hiyo asubuhi, alipoona almasi imepauka, mkono ulienda kwa chupa wenyewe.

— Na iling'aa?

— Iling'aa. Kama dakika mbili. Halafu vumbi.

— Ni kidogo hiyo! Kilo alisema. Mafuta ya dukani ni maji tu. Lete hapa.

Kabla Mbaluka hajasema ndiyo wala hapana, Kilo alikuwa ameipangusa pete kwa kidole gumba, na kidole hicho kilikuwa kimetoka moja kwa moja kwenye mgongo wa mbuzi. Almasi ilimetameta kweli. Wote wakasema "Eee!" Kisha lori la mchanga likapita, vumbi likashuka taratibu juu ya mafuta, na jiwe likazima.

— Mnaona? Profesa alisema. Tatizo ni klaimeti. Hili jiwe limezoea baridi ya Nairobi. Hapa ni joto. Limezirai.

— Jiwe linazirai?

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni nani? Ni jiwe. Mwenyeji ni nani? Ni jua. Basi!

Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyetaka kukiri. Salim alimjazia kahawa.

— Nyinyi mnazunguka, alisema Rubi. Mimi nimechimba hizi vitu. Daimondi ya ukweli unaipulizia pumzi. Ukungu ukikaa, hiyo ni chupa. Ukungu ukitoroka, ni yenyewe.

Alipuliza. Mafuta ya mbuzi yalipokea ukungu na kuuweka vizuri. Haukutoroka.

Mbaluka aliinama, akaitazama kwa karibu.

— Imekaa, alisema kwa sauti ndogo.

— Imekaa, Rubi alikubali kwa huzuni. Lakini pia mimi nina meno mabovu. Hebu Kilo apulize.

Kilo alipuliza. Profesa alipuliza. Salim alipuliza akiwa na tangawizi mdomoni. Pete ya Kaluki ilipuliziwa na watu wanne, watatu wao wakiwa wamekula mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu, na kila mmoja alitoa hukumu yake. Saa ya Mbaluka ilisema saa tano na dakika kumi.

— Tuikate gilasi nayo, Rubi alisema. Daimondi inakata gilasi.

— Gilasi gani? Salim aliuliza.

— Hii yako ya kahawa.

— Gilasi ya babu yangu? Thubutu!

— Si tunasaidia kijana?

— Msaidie kwa dirisha lako, Kiragu. Si unauza vioo?

Rubi aliangalia duka lake ng'ambo ya barabara, akaangalia vioo vipya vilivyoegemezwa mlangoni, akarudi kwenye kahawa yake. Sayansi ina mipaka yake.

Salim aliinama karibu na Mbaluka, kwa sauti ya mtu anayejua siri.

— Mimi nitakwambia ukweli, ndugu yangu. Shangazi yangu Tima kule Mombasa alikuwa na pete ya almasi. Ilikuwa inawaka mpaka unaona njia ya chooni. Siku moja ikazima. Kumbe mume ameoa mwingine Malindi! Almasi ina wivu. Sema kweli: una mwingine?

— Sina! Wallahi sina!

— Wewe ni Mkristo, usiniapie kwa kiapo chetu.

— Basi kwa Mungu wangu, sina!

— Hata ule msichana wa M-Pesa? Kilo aliuliza.

— Ule natoa pesa tu!

— Jiwe halijui hiyo, Salim alisema, akatikisa kichwa. Jiwe linaona tu unaenda pale kila siku.

Akachovya kidole kwenye kichupa cha mafuta ya nazi ambayo mkewe Zulekha humpa ya mikono, akaipaka pete ili kuutuliza wivu wake. Profesa naye, asipitwe, alitoa kopo la mafuta ya mgando aliyokuwa akipaka midomoni.

— Ongeza hii. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Jiwe ni mwana. Lisuguliwe mpaka lilie!

Akasugua. Pete ilikuwa sasa na mafuta ya aina nne na vumbi la kata nzima. Ilifanana na kitu kilichookotwa chini ya meza ya kuuzia maandazi. Mbaluka aliitazama na machozi yalimjia, mtu mzima. Alikumbuka dada wa dukani alivyokifungua kijisanduku, na yeye Mbaluka hakutaka kuona nyingine. Alikuwa amesema "hiyo," neno moja tu, na roho yake ikatulia. Iko wapi sasa hiyo roho?

— Nitairudisha, alisema. Nitapanda gari sasa hivi, niende Nairobi, niwaambie walinibadilishia.

— Na Kaluki?

— Nitampigia simu.

— Network ya Tseikuru ni ya kupanda mlima, Kilo alisema.

— Basi nitampigia akipanda mlima!

— Tupige kura, Profesa alisema, akanyoosha mgongo. Suala ni hili: kijana arudishe pete, au aende na pete iliyozirai? Wanaosema arudishe, mkono juu.

Mkono wa Kilo ulipanda. Mkono wa Rubi ulipanda. Salim alisema yeye kwanza amalize birika, akalitikisa, akaona ni tupu, na mkono wake ukapanda. Na Mbaluka, jamani, Mbaluka mwenyewe alikuwa ameanza kuinua wake aliposikia honi.

Ilikuwa ni Probox. Jamal alisimama mbele ya benchi, godoro juu, meko ya gesi dirishani, akatoa kichwa.

— Salim, nijazie chupa! Tseikuru si karibu.

— Imeisha, Salim alisema, mkono bado uko juu.

Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa, Kaluki akashuka. Alikuwa amevaa viatu vya safari na leso begani. Aliangalia mikono minne hewani, akaangalia watu wazima walioinamia kitu kimoja kama kuku kwenye mtama.

— Leo mnapigia nini kura? aliuliza.

Mikono ilishuka. Kilo alianza kutafuta kitu chini ya benchi ambacho hakijawahi kuwa hapo. Mbaluka alijaribu kuificha pete ngumini, lakini kwa mafuta yote yale ilimponyoka, ikaruka, ikaangukia kwenye kiatu cha Kaluki.

Akaiokota. Akaigeuza. Akainusa.

— Mbona inanuka mbuzi?

Shingo zote zilikuwa zimegeukia barabarani, kuangalia lori ambalo halikuwepo.

Kaluki aliipangusa kidogo na pindo la leso, akaelewa ni nini. Mbaluka aliona alivyoelewa, kwa sababu uso wake ulifunguka, halafu ukajifunga polepole. Aliangalia benchi kutoka mwisho mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

— Hawa wameshasema, alimwambia Mbaluka. Najua wameshasema. Wewe je? Wewe unaionaje?

Swali dogo. Mtoto wa darasa la pili angelijibu.

Mbaluka aligeuka kwa Profesa. Profesa, mwenye jibu la kila kitu tangu geti la chuo lijengwe, alikuwa anasoma chini ya gilasi yake. Aligeuka kwa Rubi. Rubi alifungua mdomo, akaufunga. Kilo alikuwa bado chini ya benchi. Salim alipanguza birika lililokuwa safi. Jamal alizima injini, naye asikie. Kwa mara ya kwanza tangu Mbaluka ajue kuongea, benchi halikuwa na neno.

Mbaluka aligeuka, akaitazama pete mkononi mwa Kaluki.

— Ni chafu, alisema.

— Ndiyo.

— Mimi ndiye nimeichafua. Niliipaka mafuta kama ndengu. Halafu nikawaletea hawa wakaipaka zaidi. Lakini dukani... Dukani nilikuwa peke yangu, Kaluki. Nilipoiona tu nilijua ni yako. Sikuuliza mtu. Hata bei sikushindana. Kung'aa sijui, usiniulize mambo ya kung'aa. Mimi naiona ni yako.

Kaluki akamrudishia pete, akanyoosha mkono wa kushoto, vidole vimetanuka, kama mwalimu anayekagua kucha za watoto, isipokuwa kucha zilikuwa zake.

Mbaluka alimvisha pete. Iliteleza mpaka mwisho bila kusukumwa.

— Mafuta yangu hayo, Kilo alinong'ona kutoka chini.

— Nyamaza! walisema wote.

— Sijasema nimeolewa, Kaluki alisema, lakini macho yalikuwa yamemlowa na mdomo ulikuwa unakataa kukaza. Mbuzi utazipeleka nyumbani kwetu kama wenzako, na mama yangu hasikii habari za benchi. Pete nitaiosha na maji moto na sabuni nikifika. Kwaheri ya kuonana.

Akarudi ndani ya gari. Jamal akawasha injini. Mbaluka alisimama pale, mikono inang'aa mafuta, stoo yake iko wazi, mizani imening'inia, magunia manne hayajashonwa. Probox ilianza kutembea. Hapo akapiga mbio, akafungua mlango wa nyuma, akajipenyeza katikati ya sufuria na kabati ya vitabu, na mguu mmoja ulikuwa bado nje gari liliposhika barabara ya Kitui.

Benchi lilitazama vumbi mpaka likatua.

— Stoo ameacha wazi, Salim alisema.

— Na kesho ni kanisa, Rubi alisema. Atalala wapi huko?

— Ngai! Kilo alitoka chini ya benchi, akajipangusa magoti. Si tulikuwa tumepiga kura?

Profesa alitafuta methali. Walimwona akiitafuta, midomo ikicheza, na haikuja.

— Ameenda, alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Ameenda hivyo tu, na hata hakutuuliza.