Aliyemkunia Zuleica Nazi

Kijiwe chetu kiko Mocímboa, nyuma ya soko, ubavuni mwa cherehani ya Issufo, fundi asiye na mke wala maneno. Kahawa tunaianza asubuhi mapema, kana kwamba kuna kazi inatungoja. Leo pana mjadala. Zuleica, binti wa mtaa huu, siku hizi mwandishi wa riwaya huko Maputo, jana kahojiwa redioni. Kaulizwa kwao ni wapi. Kasema nyumba kahama nyingi, nyingine zimechomwa, lakini kwao ni ule ua ambapo, mama yake alipolala na homa, kijana mmoja wa hapa aliketi juu ya mbuzi akamkunia nazi ya mchuzi. Zuleica akawa anamtolea hadithi ili kijana asisikie kejeli za wapita njia. Hadithi kajifunzia pale, na mapenzi pia. Kijana hakumtaja, kasema kwamba Ijumaa anakuja, na kama yu hai, ajitokeze. Basi. Na huku kwetu mwanamume haketi juu ya mbuzi.

— Dume zima linakuna nazi! alisema Sadique, tunayemwita Redio. Haba na haba hujaza kibaba: leo nazi, kesho atafua kanga.

— Si mtu wa hapa, alisema Carimo Dotori, muuza dawa za panya. Huyo kavuka mpaka pale Namoto, Mtanzania.

— Watanzania nao wana baba zao, bwana. Huyo kalishwa limbwata.

— Limbwata wapi! Jini huyo, katoka kisiwani Vamizi.

— Eh pá! Jini akune nazi?

— Mficha uchi hazai. Ndiyo maana majini hayaonekani.

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Issufo alikuwa anashona suruali ya Fábio, mwalimu mpya kutoka Pemba, aliyesimama akiisubiri.

— Samahani, wazee, alisema Fábio. Kwa nini hakumtaja jina?

— Kasema mwenyewe, alijibu Redio. Anaogopa tutamcheka huyo kijana.

— Na mngemcheka?

Redio alikohoa. Dotori akaomba sukari, na sukari ilikuwa mbele yake. Mimi nilijitazama viatu. Tuliona aibu, tusidanganyane.

Cherehani ikasimama.

— Nazi ya kwanza ilikuwa mbovu, alisema Issufo, macho yake kwenye suruali. Nikatoka kuomba nyingine kwa jirani, mchana kweupe. Hilo kalisahau. Ijumaa nitamkumbusha.