Abee ya Fundi Makuti

Haya, chekeni. Mwenyekiti ameniita nisimame niseme neno, nami nikaitika "abee" mbele ya watu wote, na ndevu zangu hizi na kanzu yangu hii. Upande wa akina mama nawasikia bado. Chekeni mmalize, sina haraka. Mtu mume huitika naam, mtu mke huitika abee, hilo nalijua tangu utotoni na sihitaji kukumbushwa. Lakini mimi naitika abee, na nitaitika abee mpaka nitiwe kaburini, na leo nitawaambia kwa nini.

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Bofu. Wengi mwanijua, mimi ndiye niliyewaezekea nyumba zenu. Ambaye hajalala chini ya makuti yangu basi amelala chini ya bati, na pole yake kwa joto.

Mke wangu alifariki binti yetu hajaota hata jino. Sitamtaja mtu jina leo, maana wenye habari hii wako hai na midomo wanayo. Arubaini haijatimia, kila aliyeingia kunipa pole alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akasema lile lile: mtoto wa kike halelewi na mwanamume, mpeleke Junda kwa mama yake mkubwa, yaani dada wa marehemu. Nikasema hapana. Wakaniuliza, utamlisha nini? Nikasema sijui, lakini hapana. Nawaambia kweli, ndugu zangu, siku zile sikuwa na kitu kingine cha kushika ila hiyo hapana.

Mungu akaniletea jirani. Alikuwa akinyonyesha mwanawe, akamchukua na wangu akampa titi la pili, wala hakuniuliza kitu. Yupo hapa, amejifunika leso asitambulike. Ndiye aliyenifunza kumfunga mtoto winda na kupika uji usio na madonge. Nywele ndizo zilizonishinda. Nilimsuka binti yangu kwa mikono hii iliyozoea kufunga makuti, nikakaza kama mtu anayeogopa upepo wa kusi, mtoto akashinda kutwa amekodoa macho hawezi kuyafumba. Jirani akamfumua huku akinisema, "Baba, hiki kichwa, si paa."

Alipoanza kutembea nikawa naenda naye kazini. Mimi juu, yeye chini kivulini akichezea vipande vya makuti. Na kazi yetu mwaijua, aliye juu huitwa kutwa nzima. Fundi! Naam. Fundi, kamba ni hii? Naam, lete. Mtoto hakusikia jingine mchana kutwa, miaka na miaka.

Basi Idi moja mama mkubwa akaja kututembelea, na buibui lake na sinia la visheti. Mtoto alikuwa uani. Akamwita kwa mapenzi, "We mwana." Kutoka uani ikaja sauti nzito, kama ya mtu aliye juu ya ngazi: "Naam. Lete."

Mama mkubwa akaliweka sinia chini. "Shemeji, wamlea binti au wamlea kuli?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia mwezi wa Maulidi nimpeleke mtoto Junda kwenye kikao cha ukoo, na akiitwa akaitika naam, harudi Bofu. "Nikifa nitamwambia nini dada yangu?" akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Hapo nikaacha kucheka. Nilijua tukifika kwa Kadhi, upande wa mama ndio wenye nguvu.

Nikaanza kumfundisha. "Mwanangu, ukiitwa, sema abee."

"Mbona wewe husemi?"

"Mimi mwanamume. Abee ni ya wanawake."

Akafikiri. "Hapa kwetu mwanamke nani?"

"Wewe."

"Basi niseme peke yangu?"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nikimlea kwa naam huku nikimhubiria abee.

Asubuhi iliyofuata niko juu ya paa huko Mtongwe, mtoto yuko chini, mwenye nyumba akaniita: "Fundi!" Nikavuta pumzi. Nikaianza chini, nikaivuta, nikaipandisha mwishoni kama mtu anayeuliza: "Abee?" Kikombe cha kahawa kikamtoka mkononi. Wenzangu wakaniita Bi Fundi tangu siku hiyo, wakaniuliza nataka leso ya rangi gani. Nikawaambia nyekundu. Mwenye nyumba akasema hawezi kuezekewa na mtu wa namna ile, watu watasemaje. Nikashuka na kisu changu. Nikamwambia, "Aibu ni yako, usinitwike mimi." Nusu ya paa ilikuwa wazi na masika yalikuwa karibu. Nilimwachia Mungu.

Na kila niliyemfanyia kazi baada yake aliisikia abee hiyo, apende asipende.

Mwezi wa Maulidi ukafika. Tukavuka feri, tukavuka daraja, mpaka Junda. Ukumbi umejaa. Mwenye kikao ni mjomba wa mtoto, kaka wa marehemu. Hata sijakaa vizuri akaniita, anikaribishe tu: "Shemeji."

Nami kwa mazoea, "Abee?"

Kisha wanaume wakaangua kicheko. Mjomba akanuna. "Umekuja kutudhihaki?"

Nikasimama. Nikasema, "Nimekuja na mwanangu. Mlitaka aitike abee, na nyumbani hakuna wa kumfunza ila mimi. Kama uanaume wangu waweza kutoka kwa neno moja, basi ulikuwa mdogo, acha uende. Lakini mtoto hatoki." Sijapata kuogopa paa, ila ukumbi ule niliuogopa.

Mama mkubwa akageuka kwa mtoto, akamwita polepole, "We mwana."

"Abee?"

Akaianza chini, akaivuta, akaipandisha mwishoni. Mama mkubwa akashika ukuta. "Mwite tena," akamwambia kaka yake. Mjomba akaita, mtoto akaitika, na mjomba akainamisha uso.

"Hiyo ni ya dada yangu," mama mkubwa akasema. "Mtoto hakupata kumsikia. Ameitoa wapi?"

Nikamjibu, "Kwangu. Sikuwa na abee nyingine ya kumpa. Niliyoizoea ni ile aliyoniitikia mama yake nyumbani kwangu."

Mama mkubwa akalia, leso mdomoni, na nikalia mimi, na ukumbini hakucheka mtu tena. Jioni ile tulirudi Bofu wawili, kama tulivyokwenda. Sasa mama mkubwa huja kila Alhamisi, humsuka binti yangu, na hunisema kwa uji wangu mpaka achoke.

Jirani, titi lile siwezi kulilipa mpaka kufa. Mama mkubwa, uliweza kunishinda ukachagua kusikiliza, Mungu akuzidishie. Nanyi vijana wenye kupata watoto, mkiambiwa jambo fulani halifanywi na mwanamume, tazameni kwanza kama mtoto analia. Akiwa analia, fanyeni.

Juzi imepandishwa bendera mpya na tumeambiwa sisi tu watu huru. Alhamdulillahi. Na bado watu huniambia, fundi, binti ni mkubwa, keshajua kuitika, rudi basi kwenye naam yako. Ndugu zangu, binti ataolewa, inshallah. Ataondoka na abee yake aende nayo kwa watu. Nami nikirudi kwenye naam, nyumbani kwangu abee ya mke wangu ataiitika nani?

Mwenyekiti, niite tena nikakae. Mwenye kucheka acheke.

Abee?