Ami Shedli na Raba Zilizopotea

Baada ya miaka thelathini na minne ya kununua, kupokea na kugonga muhuri vitabu vya maktaba ya chuo kikuu, Bwana Shedli Maazun anastaafu tarehe 30 Juni. Siku hiyo ufunguo wa Kitengo cha Upataji utabaki mikononi mwa Bi Raudha mpaka mkuu mpya apatikane, na kile kiti chenye mto wa ngozi ya kondoo kitarudi nyumbani kwa Bwana Shedli. Kiti ni chake, hata kama bohari imekipaka namba.

Wasifu wa namna hii huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Bi Raudha, ambaye pia ndiye mhariri wa jarida hili, alimuuliza anapenda uandikwe na nani.

"Binti wa Profesa Nuri," akajibu.

"Yule asiyesema?"

"Huyo huyo. Wanaosema nimewasikia miaka yote."

Basi ndiyo nimeandika. Nina miaka kumi na sita, sifanyi kazi hapa, na kama maneno haya yatasomwa kwenye sherehe, naomba mtu mwingine ayasome.

Ami Shedli aliingia maktabani kama kijana wa kushusha masanduku. Kifaransa chake cha shule kilikuwa cha kuombea maji tu. Kilichobaki alijifunza kwenye katalogi za wachapishaji, ndiyo maana hadi leo huongea kama katalogi: akisifu biriani, sijui supu, lazima aseme ni "toleo lililorekebishwa". Alipanda ngazi polepole mpaka akawa mkuu wa Upataji, yaani mtu anayeamua, kwa niaba yetu sote, kitabu gani kiingie nyumba hii na kwa mlango upi.

Kazi hiyo ina misimu kama kilimo. Septemba walimu huleta maombi yao, kila mmoja akiapa kwamba bila kitabu chake kizazi kizima kitaangamia. Desemba ikikaribia, pesa isiyotumika inarudi wizarani, basi yeye huwapigia wauza vitabu mpaka sauti inamkauka. Milozi ikishapukutisha maua, hupanda treni kwenda Tunis kwenye maonyesho ya vitabu, na sanduku tupu ndani ya sanduku jingine tupu, akarudi yote mawili yamejaa, kwa sababu hamwamini dereva wa mchapishaji yeyote. Mkewe, Bi Jamila, humfungia mkate na mayai ya harisa, ile rojo kali ya pilipili. Kuna kamusi ya sheria ghorofa ya pili ambayo ukiifungua leo bado inanuka pilipili. Wanafunzi wa sheria wanadhani sheria ndivyo inavyonuka.

Lakini upo msimu mmoja usio na mwezi. Mwalimu mzee anapofariki, familia hubaki na kuta zilizojaa vitabu, na mtu wa kuvipokea ni Ami Shedli. Kwa ajili hiyo walimu walimpa jina, Izraili wa Rafu. Akiingia tu chumba cha kahawa, wazee wanaanza.

"Bado, Shedli. Bado nina pumzi."

"Sina haraka, Ustadh. Nimekuja kuwaona wanao tu."

"Wanangu gani?"

"Wale wa kwenye rafu. Wana afya kuliko wewe."

Wanacheka, wanamsogezea kiti. Mimi kicheko hicho nilikisikia baadaye. Kwanza nilimjua kama Izraili.

Baba yangu, Profesa Nuri Kammun wa jiografia, alifariki Agosti iliyopita. Nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikuwa ya chuo, ikabidi tuirudishe kabla ya mwaka kwisha, na kwa bibi tulikokuwa tunahamia hakukuwa na ukuta hata mmoja wa kubeba vitabu vile. Arobaini ilipopita, Ami Shedli akaja. Nilimwona mlangoni na kofia yake mkononi, nikaenda kujifungia. Naweza kuliandika jambo ambalo singeweza kulisema: nilimchukia kuliko mtu yeyote aliyekuja kutupa pole, kwa kuwa wengine wote walileta kitu na yeye alikuja kuchukua.

Hakuchukua. Hiyo ndiyo desturi yake, na vijana wa kitengo wameirithi: ziara ya kwanza hatazami rafu. Alikaa kitini akiwa amezipa mgongo, akanywa kahawa yenye maji ya maua, akamuuliza Mama habari za mizeituni ya marehemu.

"Bila mvua itazaa nini, Shedli."

"Kweli, Bi Salwa. Yangu nayo inanitazama tu."

Akaaga. Ziara ya pili vilevile. Ya tatu, Mama mwenyewe alichoka.

"Wewe hukuja kunywa kahawa."

"Kahawa ndiyo iliyonileta, dada yangu. Vitabu vikitaka kunifuata, mlango vinaujua."

Vikamfuata, masanduku kwa masanduku, wiki ile ile.

Ana desturi ya pili. Hafungui kitabu cha marehemu bila mtu wa nyumba ile kuwapo, kwa kuwa watu huacha mambo yao kati ya kurasa. Mama alijaribu mara moja akashindwa, basi Jumamosi baada ya masomo nikawa nakwenda mimi. Ami Shedli hukishika kitabu kwa majalada yake, akakigeuza uso chini na kukikung'uta polepole. Kwenye vitabu vya Baba zilidondoka tiketi za treni, karatasi za sukari za mkahawani, jani la mzeituni, na ngamia mwenye miguu mitano niliyemchora nikiwa mdogo. Ami alinisogezea ngamia huyo mezani bila kumtazama, kama mtu anayerudisha kitambaa kilichoanguka.

Mara kikatoka kitabu chenye muhuri wa maktaba yenyewe. Baba alikuwa amekiazima zamani na kukisahau. Ami Shedli alikuwa ameshakinunua upya, akimlaani aliyekichukua.

"Kumbe mwizi wako ndiye huyu?" Bi Raudha akasema.

"Nimemlaani, nimemzika, nimemwombea dua. Yamekwisha."

Nilicheka. Kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti, nikaona haya, nikajifanya nakohoa.

Ila kilichojaa zaidi kwenye vitabu vile kilikuwa penseli. Baba hakusoma, aligombana. Pembezoni mwa kurasa alikubali kwa Kifaransa, kwa mwandiko mdogo wa adabu, na akikasirika aligeukia Kiarabu na kukandamiza mpaka karatasi inaumia. *Huyu hajawahi kuona mzeituni. Mvua ya wapi hii? Kamuulize mama yangu.* Nyumbani sauti yake ilikuwa imekwisha. Hata kwenye simu hatukuwa tumemrekodi, maana nani hurekodi mtu anayeuliza funguo ziko wapi. Mle pembezoni alikuwa bado anasema.

Na maktaba ina kanuni. Kitabu kinachoingia kinaingia kikiwa safi, penseli inafutwa. Kama nakala yake tayari ipo, ile safi ndiyo inayobaki, iliyochorwachorwa inatolewa. Vitabu vingi vya Baba vilikuwa tayari vipo ghorofani, safi kabisa.

Jumamosi ya kwanza ya kusafisha, Ami Shedli alichukua kitabu cha juu, akakuta ukurasa ambapo mwandishi anasema kwamba pwani yetu hupata mvua ya kutosha kila vuli. Baba alikuwa ameandika neno moja kubwa pembeni: *La*. Ami akalifuta. Ilikuwa kazi yake, ameifanya miaka yote. Bi Raudha akainama akapuliza vumbi la raba likatoka mezani.

Mimi sisemi. Nilikuwa nalitazama lile vumbi la kijivu pale sakafuni, na nilipoinua uso nikakuta Ami naye analitazama.

Akaitia raba mfukoni.

"Raudha, raba imepotea."

"Si hiyo umeitia mfukoni?"

"Imepotea, nimekwambia."

Bohari ikaleta nyingine. Jumatatu nayo ikapotea. Majira yote ya baridi hakuna ofisi chuoni iliyopoteza raba kama Upataji. Mkurugenzi aliuliza mbona masanduku ya Profesa Nuri hayasogei, akajibiwa kuwa vifaa ni haba. Lakini Juni ilikuwa inakuja. Ami akiondoka masanduku yakiwa bado pale, atakayemrithi angelazimika kufuata kanuni, na yeye alijua hawezi kumwachia mtu mgeni dhamana kama ile.

Aprili akapeleka ombi kwenye kamati: vitabu hivi vibaki na penseli yake. Bi Raudha, aliyekuwa akiandika muhtasari, anasema mkurugenzi alijibu kwa upole.

"Shedli, tukitunza penseli ya kila mwalimu, mwanafunzi atasoma nini? Kitabu, au ugomvi?"

"Huyu ugomvi wake ndio somo, Bwana Mkurugenzi."

"Kila mtu atasema hivyo juu ya marehemu wake."

Jibu hilo lilikuwa la haki, na yeye alilijua. Aliondoka na mafaili yake kwapani.

Wiki iliyofuata alikuja kwa bibi, akakaa, akanywa nusu kikombe. Akatueleza kuwa huko kusini, kupita Tatawin, kimefunguliwa chuo kipya chenye rafu nyingi na vitabu vichache. Watavipokea vya Baba vyote pamoja, bila kufuta, mahali pamoja, na kibao chenye jina lake juu. Kamati imeridhia. Kilichobaki ni nyumba hii kuridhia, kwa kuwa hakijagongwa muhuri hata kimoja.

Mama akanielekezea kidevu. "Muulize huyu. Mimi nikifungua mdomo nitalia."

Ami Shedli akageuka. Hakunibembeleza.

"Nikiviacha hapa, binti yangu, vitakavyobaki utavikuta kila Jumamosi. Lakini vitakuwa vimenyamaza. Nikivipeleka kule vitasema. Ila si kwako."

Kahawa ikapoa. Bibi alitaka kusema kitu, Mama akamshika goti. Nilikuwa nawaza safari ya siku nzima ya basi, na mtu nisiyemjua akiwa ameketi kule, akisikia *Kamuulize mama yangu*, kwa sauti ambayo hajui ilikuwaje.

"Viende," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Mei akaenda na lori mwenyewe, kwa umri wake ule, akakaa mbele na dereva aliyesikiliza mpira njia nzima. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, mchanga bado masikioni.

"Wameviweka karibu na dirisha," akasema. "Siku ile ile kijana mmoja akafungua kimoja akacheka peke yake."

"Alikuwa akisoma nini?" Mama akauliza.

"Ile ya *hajawahi kuona mzeituni*. Na yeye mwenyewe hajauona, kule ni mitende tu. Akaniuliza, mzee huyu yuko wapi nimjibu?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia aandike hapo chini. Kwa penseli."

Wiki iliyopita wenzake walimsaidia kutoa vitu vyake mezani. Droo ya meza ilikuwa imekwama. Bi Raudha akaivuta kwa nguvu, na raba zikamwagika sakafuni, zikiviringika mpaka kwenye viatu vya mkurugenzi, aliyekuwa amekuja kuaga. Mkurugenzi akaokota moja. Akaigeuza, mpya kabisa, haijagusa karatasi. Akairudisha mezani.

"Bohari watauliza," Bi Raudha akasema.

"Waambie zimepotea," mkurugenzi akajibu.

Kitabu kimoja hakikwenda kusini. Ami Shedli alituletea nyumbani kimefungwa kwenye gazeti, akampa Mama, huku akiongea na mimi. "Hiki nilikiharibu mwenyewe. Sina uso wa kukipeleka kwa watu." Ni kile cha mvua za vuli. Pembezoni pameachwa peupe. Lakini Baba alikuwa akikandamiza, na ukiuinamisha ukurasa dirishani jua likiwa limeshuka kidogo, unaona mfereji mwembamba wa lile neno. Sijapitisha penseli juu yake. Nautazama tu, kisha nakirudisha kitabu juu ya kabati la bibi, mahali pekee palipobaki.

Ami Shedli, siku ya kahawa sikukushukuru, wala siku ya lori; nilisimama tu kizingitini nikishika pazia. Pokea shukrani zangu hapa, na za Mama, na za nyumba nyingine nyingi ulizoingia ukiwa umezipa rafu mgongo. Wenzako wananiagiza niseme kwamba chumba cha kahawa hakitakuwa na wa kutaniana naye, na kwamba wazee wana hofu, kwa kuwa hawajui Izraili mpya atakuwa na adabu gani.

Mizeituni yako inakungoja. Tunakuombea magoti yenye nguvu, kikombe kisichopoa, na rafu nyumbani ambazo kwa miaka mingi hakuna atakayekuja kuziulizia. Na vuli hii inyeshe, inyeshe kama kitabu kile kinavyodai, mpaka Baba mwenyewe, angekuwepo, angeomba raba.

Yusra Nuri Kammun