Mke Mwenza wa Kijani

Ndugu waombolezaji, shemeji yangu ndiye aliyepangiwa kuisoma historia hii, lakini nimemwomba anipishe, maana mume ni wangu, na habari zake sitaki zipite kinywani mwa mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi reli na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akaanza shule ya msingi mtaa wa pili mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni, akahitimu chuo kikuu katika elimu ya mimea, na tarehe 1 Julai 1975 akaajiriwa kwenye jumba la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, ambako alifanya kazi hadi kustaafu mwaka 2011.

Kazi yake ilikuwa kutambua vimea vya mwambani, lile zulia la kijani linaloota juu kabisa milimani, mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa. Alikishika kimoja, kidogo kuliko ukucha, akaangalia kama majani yake yakikauka hujisokota au hulala kwenye shina, kama ncha ya jani ina unywele mweupe, kama kifuko kilicho juu ya kikonyo kimesimama wima au kimeinama, kisha akakitaja jina. Kule juu, maji yakiwa yameganda, alikilowesha kwa mate ili majani yafunguke, na mwenzake wa kazi, tunayemwita Mama Hadubini, aliyekaa pale safu ya pili na miwani myeusi, alikilowesha vivyo hivyo, tena kimea kilekile, nami nikaambiwa hiyo ni sayansi.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1979, siku ya tatu akapanda mlimani kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, na Mungu akatujalia watoto wawili, binti ambaye ni fundi umeme na kijana ambaye ni mwalimu. Alikuwa baba mwema, hakuninyima kitu ila macho yake. Nimeishi na mke mwenza wa kijani ambaye hapiki, hafui, hazeeki, na ukimkausha kwenye bahasha miaka thelathini, tone moja la maji linamrudishia ujana. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, lakini mimi, kama mnavyoniona, ulininenepesha.

Februari 2022 alipata kiharusi, akalazwa, kumbukumbu zikaanza kumtoka, na kufikia Novemba alikuwa ananiita dada wa zamu, akidhani mimi ni muuguzi, na kunishukuru kwa chai. Alilazwa tena tarehe 6 Januari 2023. Mama Hadubini alipokuja kumwona na kimea mkononi, marehemu alikilamba, akataja unywele wa nchani, kifuko kilichoinama, na jina lake lote, wakacheka pamoja, nami nimesimama mlangoni na beseni. Kesho yake nilikwangua kimoja kwenye mfereji wa paa la wodi, nikampelekea, akakigeuzageuza, akasema ni cha kawaida tu, hata huku bondeni kimejaa, kisha akainua uso, akanitazama kwa muda mrefu, akasema dada wa zamu ana jicho zuri. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunisifu hivyo, na siku hiyo hakujua kuwa ni mimi.

Alifariki tarehe 19 Januari 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotupikia na kuwalaza wageni, wafanyakazi wenzake, na Mama Hadubini pia, aliyempa furaha ambayo mimi sikuweza kumpa, nalisema kwa kuwa ni kweli, si kwa kupenda. Kupitia kwa shemeji, mama huyo ameomba jiwe la kaburi lisiguswe, ili vimea viote vyenyewe na kumfunika. Nimelifikiria ombi hilo kwa heshima zote, na jibu langu ni hapana. Kila Jumamosi nitakuja na ndoo na brashi, nitalisugua jiwe hilo mpaka ling'ae, maana mlimani alikaa nanyi, wewe Mama Hadubini na vimea vyako, hapa atakaa na mimi.

Pumzika kwa amani, mume wangu, sasa tuko wawili tu.