Dawa ya Wageni

Assalamu alaykum mama zangu, bibi zangu na dada zangu wa kikundi.

Mnisamehe, nasoma. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele za watu ulimi wangu hunata kama kisheti kilichozidi shira ya sukari. Aliyetakiwa kusimama leo ni mama, lakini mwenyekiti kasema, "Aliyepiga kelele ndiye aseme." Basi ni miye. Na mkiniona naangalia chini, sio dharau wala sio haya tu. Ni mazoea ya mwaka huu. Naangalia kama kuna kitu kinapita.

Sheria ya kikundi ni kwamba mtoa ushuhuda hataji jina la mtu. Sitamtaja mtu. Lakini yuko mmoja ambaye si mtu, huyo nitamtaja, na Bibi yangu aliyekaa kule nyuma ajishike.

Mnajua kwetu Jadida tunapika visheti. Mama anakanda, Bibi anakata, na miye nikitoka skuli natia kwenye mifuko. Mifuko hupangwa kwenye maboksi, na maboksi hupanda gari kwenda Mkoani, kusini ya kisiwa, kwa mzee mmoja mwenye duka karibu na bandari. Abiria wa boti hununua pale, wengine hula wakisubiri, wengine huchukua zawadi Unguja. Boksi likiisha linarudi tupu na gari ile ile. Tunaliweka stoo, tunalitumia tena. Boksi zuri halitupwi. Tangu baba atangulie mbele ya haki, visheti ndivyo vinavyotulisha na ndivyo vinavyoniweka skuli. Hilo mlishike, maana ndilo lililotaka kuponyoka.

Ilianza kwa sauti. Krr, krr, nyuma ya magunia ya unga. Nikasema, "Mama, stoo kuna—"

Bibi akaniziba mdomo na mkono wenye unga. "Nyamaza weye! Ukimtaja anakusikia, atakukatia nguo zako zote. Sema wageni."

Ndugu zangu, nawaambia, hivyo ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu. Jina lile halitajwi. Bibi alilitaja alipokuwa mwari, na asubuhi yake akakuta kanga yake mpya ina matundu kama chujio. Yeye mwenyewe ndiye anayesimulia, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa labda kanga ilikuwa na harufu ya chakula. Basi kwetu wakawa wageni. "Wageni wameamka." "Funika sufuria, wageni." Hata miye kwenye daftari langu, ambalo halisomwi na mtu, niliandika wageni.

Tatizo la neno hilo nimelijua baadaye. Mgeni humfukuzi. Mgeni unamstahi, unatazama pembeni, unangoja aondoke mwenyewe. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siye hatukumpa mtu jembe. Tuliwapa unga.

Nikaanza kutotulia. Nilikuwa nikisoma nimekunja miguu juu ya kiti. Nikivaa sare naikung'uta kwanza, mara tatu, mara nne. Darasani mwalimu akiburuta chaki ubaoni, naruka. Rafiki yangu akaniuliza, "Una jini?" Nikamwambia hapana, nina wageni. Akasema, "Hongera, mmepikiwa nini?"

Siku moja mama akanituma dukani. Akaninong'oneza, "Kachukue dawa. Lakini usitaje." Nikafika kaunta, watu wamejaa, na miye mnanijua. Nikasema kwa sauti ya ndani, "Nataka dawa ya wageni."

Muuza duka akainama. "Dawa ya nini, mwanangu?"

"Ya wageni."

"Yakhe, hebu njooni kuno msikie! Wageni wa kwao wanapewa dawa! Kwetu siye tunawapa chai."

Duka zima likacheka. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni mtoto, labda wameharisha." Nikatamani nipite chini ya kaunta nitokee upande wa pili wa kisiwa. Mwishowe yule muuza duka akaelewa, akanipa kijipakiti chenye vipunje vya rangi ya waridi.

Tukavimwaga kila mahali. Nyuma ya magunia, juu ya dari, chini ya mlango wa uani. Hatukusoma maandishi, hatukufunika. Na aliyekufa wa kwanza ni paka wa jirani. Sijui alikula vile vipunje au alimla aliyekula. Alikuwa paka mkubwa wa kijivu aliyekuwa akilala ukutani kwetu, na kumbe ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi. Jirani alimzika bila kusema neno. Neno lile ambalo hakulisema lilikuwa likinifuata hadi msalani.

Kisha juu ya dari pakaanza kunuka. Na krr haikupungua. Iliongezeka.

Ndipo simu ya Mkoani ikaja. Mzee wa duka ana mdomo wa utani, lakini siku hiyo utani wake ulikuwa baridi. "Bibie, visheti vyako safari hii vimeonjwa kabla ya mteja." Mama akauliza vipi. "Vina alama za meno. Na kwenye mifuko mna vitu vyeusi, na wala si iliki. Abiria mmoja kanirushia mfuko mbele ya watu. Nakurejeshea maboksi yote. Usilete tena mpaka nikwambie."

Mama akaweka simu juu ya unga. Hakulia. Aliendelea kukanda donge ambalo lilikuwa limeshakandika, likawa gumu kama kiatu, na bado akikanda. Bibi akasema, "Subira." Miye nilitaka kupiga ukuta. Nilijua nini kinatokea na nilijua kinaitwaje, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa haya zangu na kwa kanga ya Bibi ya zamani.

Abiria yule hakuishia kurusha mfuko, alikwenda kulalamika. Haikupita wiki akaja bibi afya kutukagua. Kijana, ana tochi na viatu vya mpira, na kwa namna anavyotamka ungejua hapohapo si wa kuno kwetu, kaletwa karibuni tu. Akatoa salamu, akaingia stoo, miye nikajibanza mlangoni.

"Mama, nimepata malalamiko ya uchafu kwenye visheti. Humu ndani mna nini?"

Mama akasema, "Unga, sukari, mafuta, na maboksi."

"Na nini tena?"

Mama akamtazama Bibi. Bibi akamkazia jicho. Mama akasema polepole, "Na wageni."

"Wageni?"

"Huingia tu. Hatuwaiti."

"Wanalala humu humu?"

"Mchana hulala. Ikifika magharibi ndio huanza kutembea."

Bibi afya akashusha tochi. "Wangapi?"

Bibi akadakia, "Nani atawahesabu, mwanangu? Wanazaa kila kukicha."

"Wanazaliana humu? Kwenye chakula cha watu?"

"Nyuma ya magunia hapo. Pana joto."

Mama zangu, yule dada uso ulimbadilika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na wanajisaidia wapi?"

Mama akatazama chini. "Popote."

Bibi afya akazima tochi. Kisha akasema, "Mama, miaka yote niliyosoma sijawahi kuona hivi. Kupika nafunga leo, na hao watu nataka watoke humu sasa hivi, na wazee wao niwaone."

Nikamwona mama anamtazama Bibi tena. Nikaona visheti vinakwenda, skuli inakwenda, kila kitu kinakwenda kwa sababu ya neno moja. Na kitu kilichokuwa kikinikwaruza miezi yote kikapanda.

"PANYA!" nikapiga kelele. "Si watu! Ni panya! Panya, panya, panya!"

Sikujua nina sauti ile. Jirani alisikia. Na juu ya dari, Wallahi, kitu kikakimbia kutoka pembe moja hadi nyingine, krrrrrr, kama kilichoitwa kwa jina lake kikaitika.

Bibi akajishika kanga kwa mikono miwili. Bibi afya akatazama dari, akanitazama miye, akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Kisha akaacha kucheka. "Haya. Kwa wageni sina la kufanya. Kwa panya ninayo kazi, na mtaifanya nyinyi. Kuuza bado nimesimamisha. Nikirudi nikiona tofauti, mtapika."

Jambo la kwanza alilofanya ni kuokota vile vipunje vyote vya waridi, kwa glavu. Alisema sumu ni ya mwisho, tena ya mtu anayejua anapoiweka, na penye chakula haikai kabisa. Jambo la kwanza ni kuwajua. Wanaingilia wapi, wanakula nini, wanalala wapi. Nikamuuliza, maana mdomo ulikuwa umeshafunguka, "Tutawajuaje na hawaonekani?" Akachota unga wa ngano konzi moja, akaupuliza sakafuni ukatanda mwembamba. "Wataandika wenyewe. Ninyi msome asubuhi."

Asubuhi nilikuwa wa kwanza stoo. Vidole vidogo vidogo kama punje za mpunga, na katikati mstari wa mkia. Siye tulidhani wanashuka darini. Nyayo hazikutoka darini wala mlangoni. Zilitoka kwenye maboksi, zikafuata ukuta mpaka kwenye unga, zikarudi kwa njia ile ile. Zilikuwa zimeuganda ukuta, hazikukata hata mara moja katikati ya chumba. Nikasimama nikizitazama, nikaona aibu kidogo, kwa sababu ndivyo miye ninavyotembea uwanjani skuli.

Tukafungua maboksi. Kwenye la chini kabisa palikuwa na kiota, na kiota kile kilikuwa cha karatasi zilizotafunwa vipande vipande. Mama akachukua kimoja, akakigeuza. Kilikuwa kipande cha tiketi ya boti. Na kingine. Na kingine. Nyumbani kwetu hakuna aliyepanda boti tangu sijui lini.

Mama akasema, "Kumbe kweli walikuwa wageni. Wametoka Mkoani."

Tukaenda, mama na miye, kiota kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima nilikuwa nikitingisha mguu. Nilimwambia mama amwambie yule mzee ukweli wote, tena mbele ya wateja wake, kama mfuko wetu ulivyorushwa. Mama akasema, "Weye umepata mdomo juzi, usiutumie wote siku moja."

Akamwomba mzee tuingie ndani, palipo faragha. "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi kwa vile visheti. Kwangu wamo, nimewaona kwa macho yangu. Lakini na hiki nakuomba ukitazame."

Mzee akajibu kwa ukali, "Stoo yangu mie naijua! Tangu enzi za baba—" Kisha akaona tiketi. Akavaa miwani. Akapekua kile kiota kwa ncha ya kalamu, muda mrefu.  Mwisho akavua miwani.

"Basi hawa si wageni," akasema. "Hawa abiria."

Mama akacheka, mzee akacheka, miye nikakaa kwenye gunia la mchele. Akatufungulia stoo yake: mlango ulikuwa na mwanya unaopitisha mkono wangu, na magunia yameegemea ukuta mpaka juu. Ungesafisha kwa mmoja na kumwacha mwenzake, panya wangekuwa wanapanda gari kwenda na kurudi milele.

Sasa visheti vinasafiri kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, zinarudi zinaoshwa kwa maji ya moto, zinaanikwa. Boksi halirudi tena. Unga umo kwenye mapipa, na mapipa yako juu ya mbao, mbali na ukuta, kiasi cha miye kupita na ufagio. Kilichomwagika kinafagiliwa kabla ya magharibi. Chini ya mlango pana bati, kwenye matundu ya hewa pana wavu. Na mitego iko ukutani, sio katikati. Hapo hakunifundisha mtu. Mwenye haya hupita ukutani.

Wamekwisha? Hapana, sitawadanganya. Bibi afya kasema hawaishi, wanazuiwa, na ukilala wanaamka. Kwa hiyo sijatulia bado. Kila Ijumaa natandaza unga, asubuhi nasoma. Wiki nyingine hakuna kitu, sakafu nyeupe kama karatasi. Siku hizo ndizo ninazoogopa zaidi, natazama mara mbili. Lakini bibi afya alirudi, akapita na tochi yake kila pembe, akasema, "Pikeni." Na mzee wa Mkoani akapiga simu mwenyewe.

Nawashukuru. Nyinyi mlioleta mapipa. Mama uliyemleta mumeo akaziba matundu kwa saruji na hakutaka kitu ila visheti. Bibi afya, ambaye hayupo. Na jirani yetu, ambaye yupo, aliyekuja siku ile aliposikia kelele zangu, na badala ya kutuuliza habari za paka wake akashika upande mmoja wa gunia tukahamisha. Sijawahi kukwambia. Nakwambia leo: tusamehe.

Nasaha yangu ni fupi, miye ni mdogo. Kama kwako kuna kitu kinakwaruza nyuma ya magunia, kiite jina lake. Usikipe jina la heshima. Na kabla ya kumwaga dawa, tandaza unga kwanza uone kinatoka wapi, huenda umeletewa na huenda na weye umempelekea mwenzio.

Hilo ndilo. Ila moja. Juzi asubuhi Bibi alikwenda stoo kabla yangu, akatazama mtego, akaita kwa sauti kubwa, "Njooni, panya kanasa!" Halafu akajiziba mdomo, akakimbia chumbani kuangalia kanga zake.

Ile mpya ndiyo hiyo aliyojifunga. Bibi, simama wakuone. Mgeuzeni. Nzima.